Fenobarbitali: namna ya kumpa mgonjwa wa kifafa dawa bila kuikata

Ndugu zangu wa Bukavu, mdogo wangu anameza fenobarbitali mwaka wa sita sasa. Mwanzoni alikaa miezi mitatu bila kuanguka, tukasema amepona, tukaacha. Haikupita wiki akaanguka mfululizo, bila hata kuzinduka katikati. Tulimbeba mgongoni usiku, tukiteremka Kadutu kwa mvua.

1. Elewa kazi yake. Seli za ubongo huzungumza kwa umeme mdogo. Katika kifafa, nyingi huwaka kwa pamoja. Mwili una kemikali yake ya kutuliza, gaba, inayofungua vilango vya seli ili kloridi, chembe ndogo za chumvi zenye umeme, iingie, seli itulie. Fenobarbitali huviacha vilango hivyo wazi kwa muda mrefu zaidi. Usingizi wa siku za kwanza unatoka hapohapo. Mjerumani Alfred Hauptmann aliona mwaka 1912 kwamba inazuia kifafa, na hadi leo imo katika orodha ya dawa muhimu ya OMS, yaani Shirika la Afya Duniani.

2. Mpe jioni, kipimo kilekile alichoandika mganga wa hospitali. Dawa hii hutoka mwilini polepole sana, hivyo huchukua wiki mbili au tatu kufikia kiwango chake. Usiilaumu siku ya nne.

3. Usiikate ghafla, nawasihi. Ubongo umekwisha kuizoea. Ukiiondoa mara moja, kifafa hurudi kwa nguvu kuliko mwanzo, na kinaweza kuua. Kuacha ni kwa kupunguza kidogo kidogo, miezi kadhaa, mganga akifuatilia. Nunua vidonge vingine wakati vilivyobaki bado vinatosha wiki mbili, maana barabara ikifungwa maduka ya dawa hukauka.

4. Kasiksi na pombe nyingine, hapana. Zikichanganyika nayo, pumzi inaweza kukatika.

5. Akianguka, mwondoe karibu na babula, jiko la makaa, mlaze ubavu, tazama saa. Usimtie kijiko mdomoni. Zikipita dakika tano, kimbilia hospitali.

MASWALI

Mama wa watoto wanne: Tangu aanze dawa, mwanangu hatulii, anapiga wenzake. Ni pepo?
Jibu: Hapana mama. Kwa watoto wengine dawa hii huleta ukorofi badala ya usingizi. Mwambie mganga, anaweza kubadilisha. Lakini akitoka vipele mwilini, mpeleke siku hiyohiyo.

Dada wa Bagira: Natumia vidonge vya uzazi wa mpango pia.
Jibu: Dada, fenobarbitali hulifanya ini livunje vidonge hivyo haraka, unaweza kushika mimba. Omba njia nyingine. Na ukishika mimba, usiache dawa ya kifafa mwenyewe. Nenda kwa mganga wiki hiyohiyo.

Kijana wa Ibanda: Povu la mgonjwa akianguka linaambukiza?
Jibu: Haliambukizi, kaka. Mguse, mpanguse.