Toa tranka la chuo uvunguni kabla masika hayajaanza

Mi nilisoma ualimu Korogwe, mwishoni mwa miaka ya tisini, mji ambao abiria wa Arusha wengi wanaujua kwa kushuka dakika tano kununua machungwa na kurudi garini, ila sisi tuliokaa pale miaka miwili tunajua ulikuwa na raha zake, disko la Jumamosi bwaloni, kwaya, mechi na vijana wa mashamba ya mkonge, harusi za mtaani ambazo wanachuo tulikuwa tunaalikwa tunaenda kumenya vitunguu mpaka usiku halafu tunacheza mpaka asubuhi. Yote hayo kwangu yamebaki ndani ya tranka moja la bati. Mwaka jana baada ya mvua nikalifungua nikakuta picha kumi na kitu zimegandana zimekuwa kitu kimoja, niliumia sana, na nikaanza kuuliza watu na kujifunza. Naandika ili na wewe ukafungue lako.

Nianze na hizo zilizogandana. Usizibandue kwa nguvu, rangi ya hii itabaki kwenye ile. Kama ni picha za zamani zilizosafishwa studio kutoka kwenye mkanda, weka maji safi ya baridi kwenye beseni, ziloweke nusu saa hata zaidi, zitaanza kuachia zenyewe, we unasaidia taratibu kuanzia kona. Zikiachana zilaze kwenye taulo safi kivulini, uso juu, usiufute huo uso kwa sababu ukilowa unakuwa laini kama uji. Anza na ile usiyoipenda sana uone inakuwaje. Lakini picha iliyotolewa na printa ya wino usiitie maji kabisa, rangi itaondoka. Na iliyoganda kwenye kioo cha fremu iache hapo hapo, ipige picha kupitia kioo, basi.

Zile albamu za kurasa zenye gundi na plastiki juu, ambazo karibu kila nyumba ilikuwa nazo, ndo mbaya kuliko zote maana gundi inakula picha miaka inavyoenda. Kuzitoa, pitisha uzi wa kusafishia meno nyuma ya picha kama unakata ugali kwa uzi, polepole.

Sasa majina, na hapa ndo nakuomba usiharakishe. Nina picha tumesimama watano mbele ya bwalo asubuhi ya kwenda BTP, yaani mazoezi ya kufundisha mashuleni, kila mtu kakumbatia chati zake za manila, mmoja kachomeka maka peni kwenye nywele. Nyuma imeandikwa "Pokea kivuli changu kiwe ukumbusho", hamna jina, hamna tarehe. Wanne niliwakumbuka, wa tano sura naijua, mikono yake naijua maana ndo alikuwa anatusuka, jina limefutika. Nikaituma kwenye grupu la WhatsApp la wahitimu, kimya. Aliyekuja kulitaja ni mama aliyekuwa anatuuzia maandazi getini, shoga yangu alimwonyesha kwenye simu alipopita Korogwe, akataja jina, kabila na kijiji alichopangiwa BTP hapo hapo. Kwa hiyo ukitafuta majina usiishie kwa wanachuo wenzio, waulize na watu wa mtaani, wao walikuwa wanatuangalia zaidi ya tulivyokuwa tunaangaliana. Na waulize mwaka huu, wazee wanaondoka.

Ukishapata, andika nyuma kwa penseli laini, picha ikiwa imelala mezani, bila kukandamiza. Kalamu ya wino inapenya au inaacha doa kwenye picha ya jirani. Karatasi ya nyuma ikiwa ya plastiki na penseli haishiki, andika kwenye bahasha ya karatasi halafu picha iingie humo. Andika jina, mahali, mwaka hata wa kukisia, na jambo moja, mfano "alikuwa anatusuka".

Otografu (vile vidaftari vya kuandikiana maneno ya kuagana), barua na kadi za harusi: toa pini na klipu zote maana zinashika kutu, usibandike selotepu palipochanika, na tafadhali usipeleke kupiga leminesheni, ule moto haurudi nyuma na karatasi haitoki tena. Risiti na karatasi za namna hiyo zinazofifia toa kopi mapema.

Kanga na sare za kitenge zifue, zisuuze sana, usitie wanga kwa sababu wadudu wanaufuata, zikauke kabisa ndo uzikunje na kuzifunga kwenye shuka jeupe la pamba. Kila ukifungua badilisha mikunjo, kanga huwa inakatikia pale pale ilipokunjwa miaka yote. Naftalini weka mbali na picha. Kaseti za kwaya zisimame wima, mbali na spika, na ukiona ukungu mweupe kwenye utepe usiipige, itachafua na redio.

Halafu piga kila kitu picha kwa simu, karibu na dirisha, bila flashi, simu ikiwa sambamba na karatasi. Ukituma kwa WhatsApp tuma kama dokumenti, ukituma kama picha inabanwa na zile sura ndogo za nyuma zinapotea. Weka sehemu mbili, tatu ikiwezekana. Na kabla hujamrusha mtu hadharani muulize, wengine wana maisha mengine sa hivi.

Tranka lenyewe siyo baya, ila liinue juu ya matofali au mbao, lisiguse sakafu wala ukuta, langu liliponzwa na hilo, lilikaa chini likavuta unyevu masika yote, tena ningekuwa na bahati mbaya zaidi mchwa wangekuwa wameshafika. Usiliweke darini pia, bati likipata jua linaoka kila kitu. Ndani panga picha kwenye bahasha za karatasi, nguo upande wake. Mimi la kwangu nalifungua Februari na Septemba, siku kavu, linapata hewa asubuhi nzima kivulini, nakagua kona zote, kisha nafunga.