Kubandika plasta ya fentanili kwa mgonjwa anayeuguzwa nyumbani

Hii si plasta ya kidonda. Fentanili ni dawa ya maumivu iliyo kali kuliko mofini, na hupewa mgonjwa ambaye mwili wake umeshaizoea mofini au dawa za jamii yake. Jirani anayelalamika mgongo asiazimwe hata moja.

Chagua ngozi bapa, isiyo na kidonda wala iliyoungua kwa mionzi: kifuani juu, mgongoni au mkono wa juu. Aliyechanganyikiwa mbandike mgongoni juu, asije akaibandua. Nywele zikatwe kwa mkasi. Wembe huchubua ngozi, dawa ikapita kwa kasi. Osha kwa maji matupu, kausha kabisa. Ngozi yenye mafuta ya mgando haishiki plasta, na kwa jasho la Mwanza itakuwa imedondoka kabla ya adhuhuri.

Ondoa kwanza plasta ya zamani. Kuisahau ni kumpa dozi mbili. Usiikate mpya vipande. Bandua nailoni bila kugusa gundi, gandamiza kwa kiganja sekunde 30, hasa kingo zake. Andika tarehe na saa, kisha nawa mikono.

Dawa hujikusanya kwanza chini ya ngozi ndipo iingie damuni, kwa hiyo plasta ya kwanza huchukua saa 12 hadi 24 kutuliza. Usiongeze ya pili. Uliza daktari mgonjwa atumie nini kwa muda huo. Iliyobandikwa Jumatatu saa 2 asubuhi hutolewa Alhamisi saa 2 asubuhi, yaani saa 72, na inayofuata huwekwa mahali pengine.

Joto huisukuma dawa ndani. Kuoga maji ya kawaida hakuna shida, ila asiote jua juu ya mawe wala asikandwe kwa maji ya moto. Homa nayo ni joto, na kando ya ziwa malaria haiko mbali: akichemka, mpigie daktari siku hiyohiyo.

Akisinzia kupita kiasi, akapumua polepole, mboni zikawa kama ncha ya sindano, bandua plasta na mkimbize hospitali. Usikae kungoja azinduke: iliyo chini ya ngozi huendelea kuingia damuni kwa saa nyingi.

Plasta iliyotumika bado inaweza kuua mtoto. Ikunje gundi ikiwa ndani, mrudishie mfamasia, kamwe isitupwe jalalani.

Anayeuguza kisiwani Ukerewe ahesabu mapema: akishabandika ya mwisho, ana siku 3 tu za kuvuka Mwanza na kurudi.