Pikipiki ya safari ndefu: mpya au ya mtu (iliyotumika)?

Wadau, habari zenu. Naongelea pikipiki za safari zenyewe, za kutoka Dar mpaka Mbeya au Nairobi mpaka Moyale na mizigo juu, si za mizunguko ya mjini.

Hatua ya 1: Anza na njia. Kama ni lami tupu, Suzuki V-Strom 650 inakutosha kabisa. Ukijua utaingia vumbi na makorongo, tafuta yenye gurudumu la mbele la inchi 21, kama Honda Africa Twin au Royal Enfield Himalayan. Kisha, kabla hujaipenda, uliza duka la spea: pedi za breki zipo? Kebo ya klachi je? Wakisema "tunaagiza", waulize inachukua wiki ngapi.

Hatua ya 2: Piga hesabu mpaka iwe tayari kwa safari. Kwa iliyotumika, juu ya bei ongeza tairi mbili, cheni na sproketi zake (magurudumu ya meno yanayoshika cheni), betri, oili na gharama za kuhamisha umiliki. Kwa mpya, ongeza usajili, bima kubwa na maboksi ya mizigo. Msimamo wangu: kama iliyotumika haikuokolei angalau robo ya gharama ya mpya, chukua mpya.

Hatua ya 3: Ikague ikiwa baridi. Hapa usiwe na haraka. Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika, na ukifika weka kiganja kwenye injini. Ikiwa ya moto, huenda anaficha jinsi inavyosumbua kuwaka asubuhi. Moshi wa bluu usiokatika maana yake inachoma oili.

Kwenye ubavu wa tairi kuna tarakimu nne: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Shika cheni nyuma kabisa ya sproketi ya nyuma uivute. Ikiachana na meno, imekwisha. Pitisha kidole kwenye shokapu za mbele utafute oili. Halafu inua gurudumu la mbele na ugeuze usukani polepole. Ukinasa katikati, beringi zimekufa, na usukani wa namna hiyo hautakiwi kwenye kona za mlima Kitonga, njia ya Mbeya.

Hatua ya 4: Karatasi. Namba ya chesesi iliyogongwa kwenye shingo ya usukani ifanane na ya kwenye kadi, na faini za barabarani ziwe zimelipwa. Omba kumbukumbu za matengenezo. Africa Twin hukaguliwa valvu kila kilomita 24,000; kama imefika 30,000 na hakuna rekodi, gharama hiyo itoke kwenye bei.

Hatua ya 5: Ukichagua mpya, usinunue wiki moja kabla ya safari. Injini inahitaji kuzoeshwa taratibu, na sevisi ya kwanza kwa kawaida ni kilomita 1,000. Nenda Bagamoyo, nenda Morogoro, irudishe dukani wakaze nati na kubadilisha oili, ndipo uende mbali.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, BMW R1200GS ya 2012 yenye kilomita 70,000 si imechoka?
Jibu: Si lazima, kama imehudumiwa. Valvu zake hukaguliwa kila kilomita 10,000. Haina cheni, ina shafti (mhimili wa chuma unaozungusha gurudumu la nyuma). Shika gurudumu la nyuma juu na chini ulitikise. Likicheza, achana nayo.

Swali: Kaka, hapa Tanga kuna moja ya kilomita 4,000 tu, imekaa stoo miaka sita.
Jibu: Kilomita chache zisikulevye. Petroli imeharibika, sili (mipira ya kuzuia oili isivuje) huenda zimekauka, tairi zimezeeka hata kama kashata (meno ya tairi) bado ni nzuri. Mulika tochi ndani ya tangi utafute kutu. Nunua tu kama bei inakuachia pesa ya kubadilisha vyote hivyo.

Swali: Nasafiri peke yangu Arusha–Nairobi. Hela yangu inatosha mpya ya cc 150 au ya mtu ya cc 650.
Jibu: Dada, cc 150 itakufikisha, lakini kuyapita malori utateseka. Chukua ya cc 650, ila kwanza ikalie ikiwa na mizigo uone kama miguu inafika chini vizuri. Na fundi wa kuikagua awe wako, si wa muuzaji.