Ukimsaidia wiki ya sita, umechelewa

Kabla sijawa mshauri wa wanafunzi chuoni, kazi ninayoifanya kwa mwaka wa 14 sasa, nilikuwa mwanafunzi mwenye uoni hafifu. Nilikaa kiti cha mbele nikijifanya naona ubao. Nilikuwa pia wa kwanza katika ukoo wetu kuvuka lango la chuo, basi hata sikujua kwamba kuna kitu cha kuomba. Ndivyo walivyo wengi wanaokuja na ulemavu, au wanaotoka kwenye familia zisizo na uwezo. Hawaombi, na si kiburi. Hawajui kinachoombeka.

Kwa hiyo usikae ofisini ukingoja. Wiki tatu kabla ya muhula, mwandikie kila mwanafunzi mpya, bila kuchagua, umtajie vitu kwa majina yake: muda wa ziada kwenye mitihani, maandishi makubwa, nukta nundu, mkalimani wa lugha ya alama, mtu wa kumwandikia noti, kompyuta ya kuazima. Miaka yangu ya mwanzo niliandika "tuko tayari kukusaidia", wakaja wawili. Mwaka nilioweka orodha, nje ya mlango wangu palikuwa na foleni.

Akishafika, cheti cha daktari kisiwe neno lako la kwanza. Kitahitajika, lakini kisubiri. Mwambie, "Nisimulie siku yako, tangu unapoamka hadi unapolala," kisha unyamaze. Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba kijana mmoja wa kiti mwendo alikuwa hanywi maji tangu asubuhi, kwa sababu choo pekee alichoweza kuingia kilikuwa majengo matatu mbele. Cheti chake kilizungumzia miguu tu.

Mkikubaliana, andika. Ahadi ya mdomo hufa siku mhadhiri anapobadilishwa. Ukurasa mmoja unatosha, na useme anachohitaji mwanafunzi, si anachougua. "Apatiwe slaidi siku mbili kabla ya kipindi" ni sentensi kamili. Jina la ugonjwa halimhusu mhadhiri.

Vitabu ndivyo vinavyokula muda kuliko yote, basi omba orodha ya kusoma mapema hata kama mhadhiri atanung'unika. Kwa asiyeona anayetumia Windows, ipo NVDA, programu ya bure inayosoma skrini kwa sauti. Aliianzisha Michael Curran wa Australia mwaka 2006, naye mwenyewe haoni. Bei za programu zilizokuwa sokoni zilikuwa zinawashinda wengi. Lakini hakuna programu ya kusoma skrini inayofua dafu mbele ya kitabu kilichopigwa picha kurasa kwa kurasa na kuitwa PDF. Jaribu mwenyewe: chukua kipanya, uchague neno moja. Likikataa kuchaguliwa, hiyo ni picha, na mwanafunzi wako atasikia kimya. Ipitishe kwenye programu ya kutambua maandishi, kisha mtu aisome na kusahihisha, hasa majedwali na fomula, maana huko ndiko mashine huharibu. Nukta nundu nayo huweza kuchukua wiki kadhaa, na mchoro wa biolojia hauwi nukta nundu kwa kubonyeza kitufe. Ukiambiwa hakimiliki hairuhusu, usiondoke. Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013 unazitaka nchi wanachama ziruhusu nakala za namna hii kwa watu wasioona na wengine wanaoshindwa kusoma maandishi ya kawaida, na hata kubadilishana kuvuka mipaka. Mwulize mkutubi kama nchi yenu imo.

Kwa mwanafunzi kiziwi, mhadhara mrefu unataka wakalimani wawili, wapokezane kila dakika 20 hadi 30. Mmoja akiachwa peke yake huchoka, na akichoka huanza kudondosha maneno. Wape istilahi za somo mapema. Mhadhiri amtazame mwanafunzi, si mkalimani, na akionyesha mchoro anyamaze kidogo, kwa sababu macho hayohayo hayawezi kufuata mchoro na mikono kwa wakati mmoja.

Mitihani nilijifunza kwa kosa langu. Mtihani wa saa 3 ukiongezewa nusu ni saa 4 na nusu. Niliwahi kumpangia binti mmoja miwili ya aina hiyo siku moja, nikajipongeza kwamba nimempa haki yake yote. Wa pili aliuacha katikati, mkono ukiwa umekufa ganzi. Angalia ratiba nzima, si karatasi moja.

Kisha kuna pesa, na hapa wenzangu wengi hudhani si kazi yao. Mwaka 1962 Ed Roberts, kijana wa Marekani aliyepooza kwa polio, alipoingia Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alilala katika hospitali ya chuo, kwa kuwa mabweni hayakuweza kubeba mashine yake ya kupumulia. Ilipofika mwaka 1970, wanafunzi wenye ulemavu wa pale walikuwa na ofisi yao, iliyoendeshwa kwa fedha za serikali zilizokusudiwa wanafunzi wasio na uwezo. Miongoni mwa kazi zake ilikuwa kutengeneza viti mwendo. Fundi! Gurudumu likivunjika Jumatatu, bila fundi umepoteza mihadhara ya wiki. Ada kila mtu anaihesabu; wanaoacha masomo mbele ya macho yangu huangushwa na betri ya kifaa cha kusikia, nauli, chaja iliyokatika. Tenga mfuko mdogo wa dharura, fomu yake iwe nusu ukurasa, na jibu litoke ndani ya siku 2. Mfuko unaongoja kikao cha kamati hauna dharura yoyote.

Wiki ya tatu wapigie wote. Usiulize "unaendeleaje?", utajibiwa "vizuri". Mimi huuliza: "Wiki hii ni kipindi gani ulitoka bila kujua kilichosemwa?" Muhula uliopita mmoja anayesoma midomo alinijibu bila kufikiri: "Alhamisi. Anaongea huku ametugeuzia mgongo, anaandika ubaoni." Nilimwandikia mhadhiri jioni ileile, mistari minne. Alhamisi iliyofuata alikuja na slaidi.