Somo: Ondoa mtihani kwenye hadithi yako kabla hujaituma

Wanachama, hamjambo. Somo hili, mimi mhariri wa jarida letu, nimelikwepa muda mrefu kwa kuogopa kuwaudhi watu. Lakini wiki jana, nikiwa kwenye foleni ya matatu za 58 pale mjini, nilisoma kwenye simu hadithi tatu mfululizo, na wahusika wote watatu walianza kwa kupiga mswaki. Nikaona basi, liandikwe.

Hatua ya kwanza: ondoa insha

Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo kazi nyingi za Nairobi hufia. Tumefunzwa kuandika na watu waliokuwa wakitutayarishia mtihani. KCPE, ule mtihani wa darasa la nane, ilifanywa mara ya mwisho 2023, ila insha yake bado inaishi ndani yetu, hata sisi wenye mvi. Tazama mwanzo huu, ambao nimeutunga mwenyewe ili nisimwaibishe mtu:

"Majogoo ya kwanza yalipowika nilirauka, nikajinyoosha, nikaoga na kustaftahi. Jua lilikuwa likitandaza miale yake ya kidhahabu nilipoabiri matatu kuelekea mjini. Wahenga hawakukosea waliposema kuwa mtaka cha mvunguni sharti ainame."

Msahihishaji angekupa alama nzuri kati ya 40. Mimi nimeshachoka, na bado sijui hadithi inamhusu nani. Mara nyingi hadithi yenyewe hujificha ukurasa wa tatu: tuseme kijana wa Kayole ameuza kitambulisho cha babake aliyefariki. Anzia hapo:

"Kitambulisho cha baba nilikiuza shilingi 2,000, na aliyekinunua hakuuliza kama mwenyewe yu hai."

Sasa nataka kusoma. Sina ugomvi na "kurauka" wala "kustaftahi". Ni maneno mazuri, na kama mhusika ni mwalimu mstaafu anayependa kuongea hivyo, mwache aseme. Tatizo ni pale neno linapowekwa ili lionekane. Chukua kalamu nyekundu, upige mstari chini ya kila neno na kila methali uliyoiweka ukimfikiria msahihishaji. Ukitoa nusu, hutajuta. Methali ya kufungia hadithi itoe bila kufikiri mara mbili.

Hatua ya pili: iache ilale

Wiki mbili. Usiiguse. Kisha isome kwa sauti, mlango umefungwa kama unaona aibu. Ulimi ukikwama, sentensi ina kasoro.

Hatua ya tatu: kwa washairi, hesabu, halafu uimbe

Kama unaandika shairi la arudhi, yaani la vina na mizani, usibahatishe. Umbo linaloletwa sana ni tarbia: mishororo 4 kwa ubeti, kila mshororo vipande viwili, ukwapi na utao, mizani 8 kwa 8. Mizani ni silabi inavyotamkwa. "Mbuzi" ni mizani 2 (mbu-zi), "mtoto" ni 3 (m-to-to), na "nchi" ni 2, maana ile n inajitegemea. Wengi hujikwaa hapo.

Nimeutunga ubeti huu wa mfano, msiucheke sana:

Matatu imeondoka, nimebaki kituoni,
Viatu vimepasuka, maji hadi vidoleni,
Makanga ananicheka, mia sina mfukoni,
Nyumbani lini tafika, giza likiwa njiani?

Kina cha kati ni -ka, cha mwisho ni -ni. "Tafika" ni inkisari ya "nitafika". Ningeandika neno zima, mizani ingekuwa 9. Ruhusa ya ushairi tunayo, ila itumike kama chumvi. Mtu akifupisha maneno sita katika ubeti mmoja, najua amezidiwa.

Kosa kubwa kuliko la hesabu ni kujaza. "Ewe ndugu sikiliza" ina mizani 8 barabara na haisemi chochote. Kila mshororo uulize: ukiondoka, msomaji atapungukiwa na nini? Halafu uimbe. Shairi letu tangu zamani ni la kughanwa na kuimbwa, na sikio hugundua kiraka ambacho jicho limekipita.

Wa shairi huru nao wasijidhani wamesamehewa. Ule ugomvi wa wanajadi na wanausasa wa miaka ya 1970, kama lisilo na vina na mizani ni shairi, sitaufufua hapa. Ninachoomba ni kwamba ukikata mstari, uwe na sababu ya kuukata hapo. Aya ya gazeti iliyokatwakatwa itabaki aya ya gazeti.

(Na jambo moja pembeni. Tangu UNESCO itangaze mwaka 2021 kuwa Julai 7 ni Siku ya Kiswahili Duniani, kila Juni napokea mashairi ya kukisifu Kiswahili. Kiswahili kinashukuru. Sasa andikeni kuhusu kitu kingine kwa Kiswahili hichohicho.)

Hatua ya nne: kutuma

Soma masharti ya jarida. Yetu ni mashairi 3 hadi 5 katika faili moja, au hadithi moja isiyozidi maneno 3,000. Faili liwe la Word, herufi za pointi 12, na jina lake liwe jina lako na kichwa cha kazi. Faili linaloitwa "hadithi mpya kabisa 2" ninayo manne. Usitume picha ya daftari kwa WhatsApp.

Barua iwe fupi: wewe ni nani, unatuma nini, basi. Usinieleze maana ya shairi. Kama kazi umeituma kwingine pia, sema, na ikikubaliwa huko tuarifu siku hiyohiyo.

Kisha hakikisha umeambatisha. Hadithi yangu ya kwanza niliituma kwa jarida moja, nikangoja karibu mwaka, nikawaambia marafiki wote kwamba wale watu wameniibia. Siku nilipoifungua ile barua pepe, kiambatisho hakikuwapo.

Kuhusu kuibiwa: kwa sheria ya Kenya, hakimiliki ni yako tangu kazi inapoandikwa, na hudumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa. Kusajili si lazima ndipo uwe nayo, ingawa husaidia kuthibitisha kukiwa na mzozo. Jarida linahitaji tu ruhusa ya kuchapisha. Karatasi ikisema unatoa haki zote milele, uliza maswali kabla ya kutia sahihi.

MASWALI YA WANACHAMA

Kijana wa Rongai: Mwalimu, Sheng inaruhusiwa? Wahusika wangu ni makanga na askari wa kanjo, hawawezi kuongea kama watangazaji wa habari.

Mhariri: Hawawezi, na wasijaribu. Iweke vinywani mwao, bila herufi za mlazo na bila tafsiri kwenye mabano. Ila jua kwamba Sheng huzeeka haraka, na ya Kariobangi si ya Lang'ata. Kama hadithi ni ya 2005, makanga asitumie neno la mwaka jana. Mwagize mtu wa mtaa huo akusomee.

Bint Pumwani: Dada, shairi langu liko Facebook tayari, watu 40 wamelipenda. Naweza kulituma?

Mhariri: Kwetu hilo limeshachapishwa, mpenzi. Leta lingine. Majarida mengine hayajali, kwa hiyo soma masharti yao.

Mzee wa Kariokor: Mimi hufikiri kwa Kiingereza kwanza, kisha nafasiri. Mtaijua?

Mhariri: Shikamoo mzee. Tutaijua. Nikisoma "alijipata akiwa anatembea kuelekea dirishani", nasikia Kiingereza kikikohoa chini ya meza. Kwa Kiswahili mtu huenda tu dirishani. Jaribu kumsimulia mjukuu hadithi yote kwa mdomo kabla ya kuiandika, halafu uandike ulivyosema.

Kalamu Kavu: Na mtu akitumia akili unde kutunga?

Mhariri: Nimeletewa. Kila ubeti ulikuwa na matumaini na alfajiri mpya. Hapana.

Msomi wa Umoja: Mkikataa, mnaeleza sababu?

Mhariri: Mara chache, tuko wawili na sote tuna kazi nyingine. Nikikuandikia hata mistari miwili ya maelezo, jua nilikaribia kuichukua. Irekebishe uirudishe.

Mama Tatu: Mhariri, nilituma hadithi Jumanne. Mmeipata?

Mhariri: Kuna mbili za Jumanne zisizo na jina. Moja ina mazishi, nyingine ina mbuzi.

Mama Tatu: Ya mbuzi.

Mhariri: Asante. Aya ya pili mbuzi ana mimba, aya ya sita ni beberu. Niambie ni yupi.