Jinsi ya Kununua na Kutunza Bango la Filamu ya Kisovieti Mombasa

Mkusanyaji anayevutiwa na filamu za uhalifu wa kihistoria ataanza vyema na Холодное лето пятьдесят третьего (yaani "Kiangazi Baridi cha Hamsini na Tatu"), kazi ya studio ya Kisovieti ya Mosfilm ya 1987 iliyoongozwa na Aleksandr Proshkin, ambayo nje ya Urusi haitajwi sana. Itafute kwa herufi hizo hizo za Kirusi. Kisa chake kinatokea 1953, baada ya msamaha uliofuata kifo cha Stalin kuwafungulia wahalifu huku wafungwa wengi wa kisiasa wakiachwa kifungoni. Genge la walioachiliwa linavamia kijiji cha mbali, na wanaolikabili ni watu wawili wanaotumikia uhamisho wa kisiasa. Mmoja wao aliigizwa na Anatoly Papanov, aliyefariki Agosti 1987 kabla ya kuingiza sauti, hivyo sauti inayosikika si yake. Kwangu mimi, hiyo ndiyo thamani kubwa ya chochote kinachohusu filamu hii.

Kabla ya kulipia bango, mtake muuzaji akupigie picha ya ukingo wake wa chini kwa karibu. Hapo ndipo mabango ya Kisovieti yalipobeba maandishi madogo ya mchapishaji, mara nyingi Рекламфильм, pamoja na jina la mchoraji, mwaka, na idadi ya nakala baada ya neno тираж. Bango lililokatwa ukingo huo ni kama mtu asiye na cheti cha kuzaliwa, na halistahili bei kamili. Karatasi nyeupe pe, inayong'aa, nayo itiliwe shaka.

Diski ni rahisi zaidi, kwa kuwa Kenya na Urusi zote zimo katika eneo la 5 la DVD, yaani kundi moja la nchi ambazo diski zake huchezeka kwenye mashine za kila moja. Ulizia tu tafsiri ya maandishi. Mikanda ya filamu ya milimita 35 inayonuka siki usiinunue, maana imeshaanza kuoza, na joto letu litaimalizia.

Adui mkubwa hapa Pwani ni unyevu, hasa wakati wa masika. Kuta za matumbawe na chokaa za Mji wa Kale hufyonza maji na chumvi, kwa hiyo fremu isigusane na ukuta: weka vipande vya kizibo kwenye pembe zake nne ili hewa ipite nyuma. Bango lisilotundikwa lilazwe bapa ndani ya mfuko wa poliesta, kamwe si wa plastiki ya PVC, katika kabati lenye vifuko vya silika, chembe zinazonyonya unyevu, ambavyo hubadilishwa vikishalowa.