Jinsi ya kuunda modeli ya molekuli ndani ya seli: mfano wa kimelea cha malale

Kimelea cha malale, Trypanosoma brucei, kinapoishi katika damu ya binadamu au ya ng'ombe hupata karibu nishati yake yote kwa kuvunja glukosi hadi kuwa pairuveti, kisha huitupa pairuveti hiyo nje. Njia hiyo ni fupi na vimeng'enya vyake, yaani protini zinazoharakisha kila hatua, vimepimwa kwa uangalifu katika maabara, kwa hiyo inafaa sana kwa kikundi kinachoanza utafiti wa biolojia ya mifumo, yaani uchunguzi wa molekuli nyingi zinavyofanya kazi kwa pamoja. Mwongozo huu unakihusu kikundi chenye walau mwanabiolojia mmoja aliyezoea maabara na mtu mmoja wa hisabati au kompyuta.

Anzeni kwa kuandika swali moja. "Kuielewa seli" si swali. "Ni hatua ipi ambayo ikizibwa kidogo tu itapunguza zaidi kasi ya kutengeneza ATP, molekuli inayobeba nishati ndani ya seli?" ni swali, kwa sababu linaonyesha ni molekuli zipi ziingie katika modeli, yaani milinganyo inayoiga njia hiyo, na zipi ziachwe.

Kisha choreni ramani ya njia hiyo ubaoni, wote mkiwa pamoja. Hapa ndipo fani mbili hupishana bila kujua: kwa mwanabiolojia mshale mara nyingi humaanisha "huathiri", na kwa mtu wa hisabati humaanisha "hugeuka kuwa". Kubalianeni mapema juu ya alama moja ya mgeuko na alama nyingine ya kuzuia au kuchochea. Onyesheni pia kila kitu kiko wapi. Katika kimelea hiki vimeng'enya saba vya mwanzo vya njia ya glukosi vimo ndani ya glikosomu, vifuko vidogo ambavyo Fred Opperdoes na Piet Borst walivieleza mwaka 1977, na ramani isiyoonyesha utando wa vifuko hivyo itatoa majibu ya seli nyingine kabisa.

Kila mshale wa mgeuko sasa upewe mlinganyo wa kasi. Ule wa Michaelis na Menten wa mwaka 1913 ndio wa kuanzia: kasi ni sawa na Vmax ikizidishwa kwa ukolezi wa malighafi, kisha kugawanywa kwa jumla ya Km na ukolezi huo. Vmax ni kasi ya juu kabisa ya kimeng'enya, na Km ni ukolezi unaokipa nusu ya kasi hiyo. Kwa mfano wa hesabu tu, tuseme Km ya kisafirishaji cha glukosi ni milimola 2 kwa lita. Glukosi ya nje ikiwa milimola 5, ambacho ni kiwango cha kawaida katika damu ya binadamu, kasi itakuwa 5 ÷ (2 + 5), yaani asilimia 71 ya Vmax. Ikishuka hadi milimola 1, kasi itabaki asilimia 33. Hesabu hii haijatia glukosi inayorudi nje, ambayo mlinganyo kamili lazima uihesabu.

Kukusanya namba hizo ndiyo kazi inayokula muda mwingi kuliko zote, na ndiyo inayostahili subira kubwa zaidi. Hifadhidata ya BRENDA ina vipimo vingi vya vimeng'enya, lakini msichukue namba kabla ya kuandika kando yake joto la kipimo, pH, vipimio vyake na hatua ya maisha ya kimelea kilichotumika. Kimelea kilichokuzwa katika hali ya ndani ya mbung'o kinaweza kupata nishati kutokana na amino asidi kama prolini, kwa hiyo vipimo vyake haviwezi kuchanganywa na vya kimelea cha damuni. Angalieni vipimio pia: maabara nyingi huandika kasi kwa kila miligramu ya protini, ilhali milinganyo ya ukolezi inahitaji ujazo wa seli, na kosa hapo hupotosha kila kitu kinachofuata.

Hamna haja ya kuanza na ukurasa mtupu. Barbara Bakker na wenzake walichapisha modeli ya njia hii mwaka 1997, na matoleo yaliyotokana nayo yanapatikana bure katika BioModels, hifadhidata ya modeli za namna hii. Lifungueni toleo mojawapo kwa COPASI, programu isiyolipiwa, na kwanza mpate majibu yaleyale waliyoyapata wao kabla ya kubadilisha lolote. Hakikisheni pia kwamba jumla ya ATP na ya ADP na AMP, ambazo ni ATP iliyopungukiwa fosfeti, haibadiliki wakati modeli inaendeshwa. Ikibadilika, kuna mlinganyo uliokosewa.

Baada ya hapo ongezeni kila kimeng'enya kwa asilimia 1, kimoja baada ya kingine, na mwandike mtiririko wote, yaani kasi ya njia nzima, umebadilika kwa asilimia ngapi. Asilimia hiyo ndiyo sehemu ya udhibiti ya kimeng'enya hicho. Henrik Kacser na James Burns walionyesha mwaka 1973 kwamba jumla ya sehemu hizo zote ni 1, hivyo jumla tofauti ni dalili ya hitilafu. Katika uchambuzi wa Bakker na wenzake wa mwaka 1999, sehemu kubwa ya udhibiti ilikuwa kwenye usafirishaji wa glukosi kupita utando wa nje wa seli, si kwenye heksokinasi wala fosfofruktokinasi, vimeng'enya vya hatua za mwanzo vinavyosifiwa vitabuni. Kwangu mimi hiyo ndiyo sababu kubwa ya kufanya kazi hii: mchoro peke yake usingeonyesha jambo hilo.

Mwisho, andikeni utabiri wenye namba kabla ya mwenzenu wa maabara kuanza jaribio, na mchague ule ambao ukishindikana utaiangusha modeli. Mwaka 2000 modeli ya Bakker na wenzake ilitabiri kwamba bila glikosomu fosfeti za sukari zingerundikana, kwa kuwa vimeng'enya vya mwanzo vya kimelea hiki havizuiwi na mazao yake. Majaribio ya Jurgen Haanstra na wenzake ya mwaka 2008 yaliunga mkono hilo. Kipimo kikipingana na utabiri wenu, kagueni kwanza kipimo, kisha mtafute hatua iliyosahaulika kwenye ramani, na namba za milinganyo ziguswe baada ya hayo tu, tena ndani ya mipaka ya makosa ya vipimo vyake.